Ruhusa ya Kushuka

Katika chama cha marubani wa ghalani, mtu hupewa majaribio matatu. Akishindwa la tatu, hukaa miaka mitatu bila kugusa kiti cha kushoto, kiti cha kapteni. Sietske alikuwa ameshindwa mawili. Jumamosi hiyo ya Oktoba, mvua ikipiga juu ya mabati, alipanda ngazi za mbao, akakaa kwenye kiti cha kushoto na kurekebisha mkanda, na hakumwangalia mtu.

Ghala lilikuwa la Rommert na mkewe Gatske, mwendo wa robo saa kwa baiskeli kutoka mji wa Dokkum. Zamani lilikuwa zizi. Ng'ombe walipouzwa, Rommert alinunua pua ya ndege kuukuu ya abiria, ikaletwa kwa lori na kuingizwa kwa mlango wa trekta. Yeye na wenzake walitumia miaka sita kuunganisha nyaya, mpaka kila taa ikawaka, na mbele ya vioo wakatundika kitambaa cheupe cha kuonyeshea mawingu, bahari na viwanja. Ndege ile haikuruka wala haikusogea hata inchi moja. Lakini humo ndani kila jambo lilifanywa kama linavyofanywa angani, na aliyekosea alihesabiwa amekosea.

Mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, vyama vya namna hiyo kutoka kote Ulaya hurusha ndege zao za kuigiza kwa wakati mmoja kwenda uwanja mmoja, huku waongozaji wakizipanga kwa redio kama ndege za kweli. Ghala lilikuwa na ndege moja, kwa hiyo kapteni alikuwa mmoja. Yule wa miaka yote alikuwa amehamia Ureno kwa binti yake, na kiti kilikuwa wazi. Sietske alikitaka. Hakumwambia mtu yeyote, na wote walijua.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, akifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari alijibu kwa kichwa. Aliyekuwa akimtahini ni Douwe, mwalimu mstaafu wa fizikia aliyefundisha nusu ya watu wa pale, Sietske akiwa mmoja wao. Douwe ndiye aliyetunga karatasi ya mtihani, mistari ishirini na miwili. Mstari mmoja ukipata wino mwekundu, mtihani umekwisha.

Mara ya kwanza Sietske aliangushwa na otopailoti, ile mashine ya kuiendesha ndege, na mara ya pili vilevile. Watu wengi hudhani otopailoti ni rubani wa pili anayejua pa kwenda. Si hivyo. Ni mtumishi mtiifu kupita kiasi: hufanya ulilomwagiza, hata kama ulimwagiza upuuzi, na kama hukumwagiza neno hukaa palepale ulipomwacha. Katika jaribio la kwanza Sietske alibonyeza kitufe cha kuifuatisha ndege kwenye mwale wa redio unaoshuka mpaka uwanjani. Taa ya kitufe ikawaka, naye akaiamini. Kumbe mashine ilikuwa imepokea agizo tu, ikingoja kuuona mwale. Ndege ilikuwa juu mno, mwale ukapita chini ya tumbo lake, na uwanja nao ukapita.

"Taa ya kitufe ni risiti," Douwe alimwambia siku ile. "Inaonyesha umeagiza chakula. Haionyeshi kama umekula."

Ndiyo maana ghala lilikuwa na desturi yake. Juu kabisa ya kioo cha rubani kuna maneno madogo yanayosema ndege inafanya nini hasa. Yakiwa meupe, mashine inangoja. Yakiwa ya kijani, imeshika kazi. Mtu akizungusha kitufe au akikibonyeza, mkono wake haubanduki pale mpaka ameyasoma maneno yale kwa sauti. Sietske katika jaribio la pili alisoma alichokuwa amebonyeza badala ya kilichoandikwa, na vitu hivyo viwili havikuwa sawa. Tangu hapo alifanya mazoezi nyumbani, mezani, kwa kifuniko cha chupa ya jamu alichokipigilia msumari mmoja katikati. Alizungusha, akasoma, akaondoa mkono, mamia ya mara, mpaka paka wake akahamia chumba kingine.

Safari ya siku hiyo ilikuwa Amsterdam hadi Bergen. Douwe alikaa kulia kama msaidizi wake na mtahini kwa wakati mmoja, karatasi gotini. Rommert alikuwa mwongozaji. Alikaa kwenye meza yake upande wa pili wa pazia, vipokea sauti masikioni, na mbele yake skrini iliyoonyesha ndege kama kidoa. Waliruka saa nane na dakika kumi. Kutua kulipangwa saa tisa na nusu, na mstari wa kumi na tisa ulisema kuchelewa kusizidi dakika kumi.

Kupaa kulikwenda vizuri. Kila alipozungusha kitufe Sietske alisoma, na kila aliposoma Douwe alitia alama ya bluu. Walipofika futi elfu thelathini na sita mashine ilinyoosha ndege, maneno yakawa ya kijani, na bahari ikajikunjua mbele yao kwenye kitambaa. Kwa muda hapakuwa na la kufanya ila kutazama.

Saa tisa kamili Gatske aligonga sufuria kwa kijiko. Kahawa.

Kahawa ya saa tisa ilikuwa ya tangu enzi za ng'ombe. Baba yake Gatske aliinywa kabla ya kukamua, na ng'ombe walipoondoka kahawa ilibaki. Ilinywewa mezani, kikombe kimoja na biskuti moja, kisha mkebe unafunikwa. Aliyekuwa angani alishuka kwenye ngazi akaja kunywa, ndege ikiendelea na safari yake peke yake. Marubani wa kweli wangeshangaa, lakini ghalani hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa la ajabu. Katika miaka kumi na moja hakuna mtu aliyeiruka kahawa, hata siku Rommert alipong'oa jino.

Kwa kawaida safari zilikuwa ndefu na kahawa ilianguka katikati, mbali na shida. Bergen ni karibu. Hesabu ya kompyuta ilisema mahali pa kuanza kushuka pangefika baada ya dakika nne.

Douwe alijua hilo, na alikuwa na dawa yake. Alijinyoosha, akapeleka mkono kwenye kitufe cha kimo, na akakizungusha kutoka elfu thelathini na sita mpaka elfu nne. Alifanya kama mtu anayezima taa ya jikoni kwake. Sasa ikifika mahali pake, mashine ingeshuka yenyewe, na wao wangekunywa kwa amani.

Sietske aliutazama mkono ule. Ulikuwa mkono uliomsahihishia madaftari alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Aliwaza kwamba Rommert hakuwa amewaruhusu kushuka. Novemba kungekuwa na ndege nyingine chini yao, foleni nzima, na ndege inayojishukia kwa sababu watu wake wanakunywa kahawa ingeingia katikati ya wenzake. Pia aliwaza kwamba pengine huu ulikuwa mtego wa mtihani. Kisha akamwangalia usoni, akaona kwamba si mtego. Douwe alikuwa anataka kahawa tu.

"Hapana, Mwalimu," alisema.

Douwe alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza hapana nini.

"Hatujaruhusiwa kushuka." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Naomba uondoe mkono."

Mkono ulibaki juu ya kitufe kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Kisha Douwe akauondoa. Sietske alikirudisha kitufe kwenye elfu thelathini na sita, akasoma maneno ya juu, akaachia. Akamwambia kwamba yeye atabaki, na kwamba Mwalimu aende tu akanywe.

Douwe alifungua mkanda wake. Alisema kwamba ni hiari yake, na kwamba mtahini naye ana tumbo. Alishuka ngazi bila kugeuka, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Upande wa pili wa pazia viti vilisogezwa. Gatske aliuliza yuko wapi msichana. Douwe akasema msichana anaendesha ndege.

"Anaendesha nini?" Rommert akacheka. "Mashine si ipo? Mwambie kahawa ikipoa hilo nalo ni kosa la usalama."

Hapo Sietske akatambua jambo ambalo hakulitia kwenye hesabu. Kama Rommert alikuwa mezani akicheka, basi hakuwa kwenye redio.

Alibonyeza kitufe cha redio, akaita, akasema wako tayari kushuka. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, nyembamba kama ya mbu, kwenye vipokea sauti vilivyolala juu ya meza ya Rommert. Hakuna aliyejibu. Akangoja nusu dakika, akaita tena.

Mahali pa kushukia palifika. Kompyuta ndogo ilitoa onyo la kumkumbusha apunguze kimo. Mashine, kwa kuwa haikuambiwa kitu, ilibaki palepale, maneno ya kijani yakisema inashika kimo. Kila dakika walipita maili saba.

Njia za kutoka zilikuwa nyingi na zote rahisi. Angeweza kupaza sauti. Pazia lilikuwa la kitambaa na meza ya kahawa haikufika mita tano. Angeweza kushuka ngazi na kumgusa Rommert begani. Au angezungusha tu kitufe na kwenda zake chini, kwani hapakuwa na abiria. Nyuma ya kiti chake palikuwa na pazia, jokofu na pampu ya zamani ya maziwa. Hakuna ambaye angekufa.

Aliweka mkono kwenye kitufe cha kimo. Novemba mwongozaji angekuwa Norwe au Uskoti, mtu asiyesikia kelele za ghalani, na ukimwita asipokujibu unabaki ulipo na kuita tena. Akasoma kwa sauti yale maneno ya kijani, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Kisha akauondoa mkono. Alipunguza kasi kadiri ndege ilivyoweza kuvumilia pale juu, ili njia iliyobaki isimalizike upesi, akaita mara ya tatu.

Mezani walikuwa wamefikia habari za jirani aliyejenga uzio kwenye ardhi ya kanisa. Habari hiyo ilikuwa ndefu.

Rommert alirudi kwenye kiti chake saa tisa na dakika kumi na mbili, akijipangusa makombo ya biskuti. Alivaa vipokea sauti. Akatazama skrini, kisha redio ikazungumza.

"Dada, mbona bado uko juu hivyo? Bergen ni hiyo hapo."

"Sikuruhusiwa kushuka," Sietske alisema.



"Haya. Shuka mpaka elfu nne," Rommert alisema, na safari hii hakumwita dada wala hakucheka.

Sietske alizungusha, akasoma, akaondoa mkono. Ndege iliinamisha pua. Douwe alikuwa amerudi, amefunga mkanda, na aliona mara moja kwamba zimebaki chini ya maili sitini mahali panapotaka mia. Alisahau kwamba yeye ni mtahini. Alimwambia abonyeze kitufe cha mwendo wa kushuka, aweke futi elfu tano kwa dakika, mashine itafika.

Itafika, Sietske alimjibu, lakini mtumishi huyo ukimwambia elfu tano atakupa elfu tano hata kama kasi inapita kiasi, kwa sababu hukumwagiza alinde kasi. Alisema haya akitazama kioo, kama mtu anayesoma. Alichagua agizo lingine, lile ambalo kwalo injini hupumzika na pua ya ndege hulinda kasi, akainua mabamba ya breki juu ya mabawa, akayasoma maneno. Ndege ilishuka ikitetemeka kidogo, jinsi walivyoipanga itetemeke. Haikutosha, na yeye alijua tangu mwanzo kwamba haitatosha.

Akamwomba Rommert amruhusu azunguke juu ya bahari.

"Ukizunguka utachelewa," Douwe alisema kwa sauti ya chini. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa kumi na tisa.

"Najua, Mwalimu."

Walizunguka mara mbili, pana, visiwa vikipita kwenye kitambaa kutoka kulia kwenda kushoto, halafu vikapita tena. Saa ilisonga. Tisa na nusu iliwakuta wakiwa bado wanaipa Bergen mgongo. Sietske hakugusa kitufe cha kufuata mwale mpaka alipohakikisha ndege iko chini ya mwale. Ndipo akabonyeza. Taa ikawaka. Hakuitazama taa. Maneno yalikuwa meupe, akasema meupe, mkono pale pale. Sekunde zilipita na Douwe naye alikuwa ameinua kichwa anatazama juu ya kioo. Sehemu ya kwanza, ya mwelekeo, ikawa ya kijani. Baada ya kitambo, ya pili, ya kushuka. Alisoma zote mbili, akaondoa mkono.

Alipouona uwanja aliizima otopailoti, akatua kwa mikono yake. Kutua kwenyewe kulikuwa kwa kawaida tu. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini na nne.

Walikaa mezani, wote wanne, mvua ikiendelea. Douwe alichukua kalamu nyekundu na kuandika kumi na nne kwenye mstari wa kumi na tisa. Alisema anasikitika. Alisema yote mengine yalikuwa mazuri, lakini karatasi ni karatasi.

Mara mbili zilizopita Sietske alikuwa amesema ahsante, akavaa koti la mvua na kupanda baiskeli. Sasa pia koti lilikuwa mkononi. Lakini hakusimama.

"Andika na sababu," alisema.

Douwe alisema karatasi haina nafasi ya sababu.

"Basi iandike pembeni."

Gatske, ambaye hakuwahi kurusha hata tiara, alisema pale ghalani karatasi ina nafasi ya kila kitu isipokuwa akili. Mumewe akamwambia asubiri kwanza. Rommert alikuwa ametoa orodha ya kompyuta, ile inayoandika kila kitufe kilichoguswa na saa yake, na alikuwa anaifuata kwa kidole. Akasema anaona kitu. Saa tisa kamili kimo kimewekwa elfu nne. Nusu dakika baadaye kimerudishwa elfu thelathini na sita. Hakuna ruhusa iliyotolewa wakati huo. Yeye mwenyewe alikuwa anamimina maziwa kwenye kikombe. Na mstari wa saba unasema kitufe kisiguswe bila kusemwa wala bila ruhusa. Kwa hiyo hapa pana wekundu wa pili.

"Nani alikigusa?" aliuliza.

Orodha haikusema ni mkono wa nani. Sietske aliangalia kitambaa cha meza. Alikuwa na jibu na hakulitoa, na haikuwa kwa wema. Ni kwamba maneno yake ya siku ile yalikuwa yamekwisha. Douwe aliivuta ile orodha, akaisoma tangu juu, polepole, jinsi alivyokuwa akisoma majibu ya wanafunzi aliowashuku kwamba wameibia. Gatske alimtazama yeye tu.

"Ni mimi," Douwe alisema. "Nilikigusa mimi. Yeye akaniambia niondoe mkono."

"Na mimi sikuwapo kwenye redio," Rommert alisema. "Ameita mara tatu. Zote zimeandikwa hapa. Mwongozaji wa namna yangu ungemfanyaje?"

"Ningemwandikia wekundu."

 Douwe aligeuza karatasi, akaanza hesabu nyuma yake, kwa tarakimu kubwa kama za ubaoni. Mahali pa kushuka: tisa na dakika nne. Ruhusa: tisa na dakika kumi na mbili. Dakika nane si za rubani. Kumi na nne ukitoa nane. Alipiga mstari chini ya sita, akaitazama kama haiamini, akahesabu upya, na ikawa sita tena. Kisha akaigeuza karatasi upande wa mbele, akakata ule wekundu kwa mstari mmoja wa rula, na pembeni, mahali pasipo na nafasi, akaandika sababu. Ilichukua mistari mitatu. Jina lake lilikuwamo, na la Rommert.

Akatia sahihi. Akamsogezea Sietske naye atie. Alitia haraka, kwa herufi ndogo, na koti likamponyoka mkononi likaanguka chini ya meza, na kwa muda mfupi watu wote wakawa wanalitafuta kwa miguu.

Kulibaki fomu moja ya Novemba, ya kupeleka kwa waandaaji. Juu, jina la kapteni. Douwe aliandika la Sietske. Chini yake, jina la msaidizi, na hilo huchaguliwa na kapteni. Douwe alisema kwamba Rommert ana uzoefu wa kutosha, na kwamba wapo pia vijana wawili wa Leeuwarden wenye mkono mwepesi. Alizungumza akitazama fomu. Alisema atakayemtaka aseme tu, leo au wiki ijayo, haina haraka.

"Wewe, Mwalimu," Sietske alisema.

Douwe aliinua macho. Akamuuliza kwa nini, na aliuliza kweli, hakuwa anatafuta sifa.

Sietske alifikiri. Alikuwa amekwisha kulivaa koti, na mkono mmoja bado unatafuta njia ya kutokea.

"Nilipokuomba uondoe mkono," alisema, "uliuondoa."

 Douwe aliinama na kuandika jina lake kwenye mstari wa chini, akiikandamiza kalamu kuliko ilivyohitajika, huku Gatske akifungua mlango wa trekta kuangalia kama mvua imepungua.